Namba 4,294,967,297: karatasi inasema tasa, programu inakataa. Ipi imekosea?

Baki_Moja aliuliza:

Habari zenu wakuu.

Naandaa maelezo kamili ya namba 4,294,967,297, yaani 2^32 + 1. Nataka vigawo vyake vyote, jumla ya vigawo hivyo, idadi ya namba ndogo kuliko hiyo ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1, na njia za kuiandika kama jumla ya miraba miwili. Nimekwama mlangoni kabisa, kwenye swali la kama ni tasa au si tasa.

Nilipofikia ni hapa. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 nimekata tarakimu mafungu ya tatutatu kutoka kulia, nikatoa na kujumlisha kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hiyo haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Kuanzia 17 hadi 97 nimegawanya kawaida, zote zinaacha baki.

Kisha nikafanya jaribio la Fermat kwa msingi wa 2: kama N ni tasa, 2^(N−1) ikigawanywa kwa N lazima ibakize 1. Kwenye karatasi nimepata 1. Kwenye programu, nikitumia namba za biti 64 zisizo na alama ya hasi, nimepata 0. Nikitumia biti 32 ndiyo kabisa, programu inaichukulia N yenyewe kuwa ni 1.

Naomba kujua: ipi ni sahihi? Kama si tasa, kigawo kinapatikanaje bila kugawanya kwa namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha N? Kipeuo hicho ni 65,536 na kitu kidogo sana, na chini yake kuna namba tasa 6,542. Na nikishapata vigawo, nitajuaje kwamba hakuna kilichobaki?

---

Kokotoa_Polepole:

Mkuu, karatasi yako imehesabu sawasawa ila hitimisho lake si sahihi. Programu imehesabu vibaya ila imeangukia kwenye hukumu sahihi. Namba hii si tasa.

Tuanze na programu, maana kosa lake linaonekana kwa macho. Kipeo N − 1 ni 2^32, kwa hiyo kazi yote ni kuanza na 2 na kuzidisha kila jibu kwa lenyewe mara 32, ukichukua baki kila hatua. Fuata hatua zenyewe:

2 → 4 → 16 → 256 → 65,536 → 4,294,967,296

Hapo umefanya hatua tano na hujahitaji kugawanya hata mara moja, kwa sababu kila jibu bado ni dogo kuliko N. Hatua ya sita ni 4,294,967,296 mara yenyewe, na hiyo ni 2^64 kamili. Biti 64 zisizo na alama zinaishia 2^64 − 1. Namba inamwagika yote, kinachobaki ni 0, na kuanzia hapo 0 mara 0 ni 0 mpaka hatua ya 32.

Jibu sahihi la hatua ya sita ni 1. Sababu: 4,294,967,296 ni N − 1, yaani sawa na −1 kwa moduli N (tukiangalia tu baki baada ya kugawanya kwa N), na −1 mara −1 ni 1. Ndiyo 1 uliyoipata kwenye karatasi.

Hiyo 0 peke yake ilitosha kukushtua. Kipeo chochote cha 2 hakina kigawo tasa kingine ila 2, na N ni witiri. Haiwezekani 2^(kitu) igawanyike kwa N bila baki. Programu ya namna hii ikikupa 0, usiisome kama "si tasa". Isome kama "kuna mahali namba imemwagika".

Kurekebisha: tumia aina ya namba isiyo na kikomo cha ukubwa kama lugha yako inayo, au biti 128 kwa ajili ya zao la katikati tu. Ukilazimika kubaki na biti 64 zisizo na alama, kwa N hii mahali pabaya ni pamoja tu: baki linapokuwa 4,294,967,296 kamili. Mabaki mengine yote, mraba wake unaingia. Kwa hiyo sharti moja linatosha: baki likiwa N − 1, mraba wake andika 1.

Ila ukitumia biti 64 *zenye* alama ya hasi, hali ni mbaya zaidi. Hizo zinabeba mraba wa namba isiyozidi 3,037,000,499, na mabaki mengi ya N yanapita hapo.

Kuhusu biti 32: kikomo chake ni 4,294,967,295. N imezidi kwa 2, kwa hiyo inazunguka na kusomeka 1. Hakuna cha kurekebisha hapo, achana nazo kabisa kwa kazi hii.

---

Njia_Fupi:

Jaribio la Fermat linajulikana kwa kupitisha baadhi ya namba zisizo tasa. Tumia la Miller–Rabin, hata kwa msingi huohuo wa 2. Hilo ni kali zaidi.

---

Kokotoa_Polepole:

@Njia_Fupi, kwa namba nyingi ushauri wako ni mzuri. Kwa hii hauvushi, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu namba zote za umbo 2^(2^n) + 1 zina tabia hii.

Miller–Rabin inaangalia njia iliyopitiwa kufika 1. Ikiwa kabla tu ya 1 palikuwa na −1, inaipitisha namba. Ikiwa palikuwa na kitu kingine, namba si tasa. Sasa tazama mlolongo wa hapo juu: hatua ya tano imetoa N − 1, yaani −1, na ya sita inatoa 1. Umepita. Na si msingi wa 2 tu: 4, 16 na 256 zimo ndani ya mlolongo uleule, na 8 nayo inapita, kama kipeo kingine chochote cha 2. Unaweza kurudia jaribio kwa misingi ishirini ya aina hiyo na kila mara uambiwe "huenda ni tasa".

Tatizo ni kwamba N imejengwa kwa 2. Kuiuliza 2 habari za N ni kuuliza swali ambalo jibu lake liliwekwa ndani tangu mwanzo.

Uliza 3. Kwa namba za umbo hili lipo jaribio la Pépin la mwaka 1877, na hukumu yake ni ya mwisho kwa pande zote mbili: N ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3^((N−1)/2) inabakiza N − 1. Kwa N yetu hiyo ni kuanza na 3 na kuzidisha kila jibu kwa lenyewe mara 31 mfululizo. Mwanzo wake:

3 → 9 → 81 → 6,561 → 43,046,721 → 3,793,201,458

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kwanza kuhitaji kugawanywa: 43,046,721 mara yenyewe ni 1,853,020,188,851,841, toa N mara 431,439 na kinabaki 3,793,201,458. Angalia ukubwa wake: imeshapita 3,037,000,499. Kwa hiyo mwenye kutumia biti 64 zenye alama anaharibikiwa hapohapo, hatua ya sita, na programu nyingi hazitoi onyo lolote.

Ukifika hatua ya 31 bila kumwagika unapata 10,324,303. Ilitakiwa 4,294,967,296. Basi, N si tasa. Ukizidisha mara moja zaidi (yaani jaribio la Fermat kwa msingi wa 3) unapata 3,029,026,160, ilitakiwa 1. Tumia namba hizi mbili kupima programu yako ukishairekebisha.

Ukitaka kuandika programu ya kupima tasa kwa namba za ukubwa huu kwa ujumla: Miller–Rabin kwa misingi 2, 7 na 61 haikosei kwa namba yoyote chini ya 4,759,123,141, na N imo ndani ya mpaka huo. Wengi huweka 2, 3, 5 na 7 wakidhani kwamba misingi minne ni salama zaidi ya mitatu. Dhamana ya hiyo minne inaishia 3,215,031,751, na N iko nje yake.

---

Pembe_na_Duara:

Nachukua swali la pili, la kutafuta kigawo. Hapa ndipo namba hii inapopendeza kweli.

Namba tasa 6,542 huzihitaji. Chukua p yoyote tasa inayogawanya N. Kusema p inagawanya 2^32 + 1 ni kusema 2^32 ≡ −1 kwa moduli p (alama ≡ ni "zina baki sawa" zikigawanywa kwa p). Pandisha pande zote mraba: 2^64 ≡ 1. Kwa hiyo kipeo kidogo kabisa kinachoirudisha 2 kwenye 1 kinagawanya 64, lakini hakigawanyi 32, kwa kuwa kwenye 32 tulipata −1. Kilichobaki ni 64 chenyewe. Nayo kanuni ndogo ya Fermat inasema 2^(p−1) ≡ 1, kwa hiyo 64 lazima igawanye p − 1. Hitimisho: kila kigawo tasa cha N kina umbo 64k + 1.

Andika orodha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Kigawo ni cha tano.

Kupima hakuhitaji kugawanya tarakimu kumi. Tafuta baki la 2^16, yaani 65,536, lipandishe mraba, tafuta baki tena, ongeza 1:

Kwa 193: 65,536 inabakiza 109; 109 × 109 = 11,881 inabakiza 108; ongeza 1, ni 109. Siyo.
Kwa 257: 2^8 ni 256, yaani −1, kwa hiyo 2^32 inabakiza 1, ongeza 1, ni 2. Siyo.
Kwa 449: 65,536 inabakiza 431, ambayo ni −18, mraba wake 324, ongeza 1, ni 325. Siyo.
Kwa 577: inabakiza 335, mraba 112,225 unabakiza 287, ongeza 1, ni 288. Siyo.
Kwa 641: inabakiza 154, mraba 23,716 unabakiza 640, ongeza 1, ni 641. Sifuri.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau ile +1 ya mwisho, halafu mtu anaona 640 na kuipita 641.

N = 641 × 6,700,417.

Euler alitoa mgawanyo huu mwaka 1732. Fermat, mnamo 1640, alikuwa ameamini kwamba namba zote za umbo 2^(2^n) + 1 ni tasa, na kwa n = 0 hadi 4 ni kweli: 3, 5, 17, 257, 65,537. Ya n = 5 ndiyo hii yako, na ndiyo iliyovunja dhana hiyo.

Mwaka 1878 Lucas aliubana mlango zaidi. Tumeona p ni 64k + 1, kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 8. Kwa namba tasa ya namna hiyo, 2 ni baki la mraba fulani, yaani 2^((p−1)/2) ≡ 1. Basi 64 inagawanya nusu ya p − 1, na umbo linakuwa 128k + 1. Orodha inapungua kuwa 129, 257, 385, 513, 641, na humo tasa ni mbili tu: 257 na 641. Majaribio mawili badala ya 6,542.

Kuna pia uthibitisho wa mistari minne usiohitaji kugawanya chochote. 641 inaandikika kwa njia mbili:

641 = 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2^7 + 1
641 = 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4

Kutoka mstari wa kwanza, 5 × 2^7 ≡ −1 kwa moduli 641. Pandisha kipeo cha nne: 5^4 × 2^28 ≡ 1. Kutoka mstari wa pili, 5^4 ≡ −2^4. Badilisha: −2^4 × 2^28 ≡ 1, yaani −2^32 ≡ 1. Hivyo 2^32 + 1 ≡ 0. Imekwisha.

Na hapa Baki_Moja unaweza kukagua ile namba ya Kokotoa kwa mkono. Kwa moduli 641 mlolongo wa 3 ni huu: 3, 9, 81, 151, 366, 628, 169, 357, 531, 562, 472, 357... Umerudi kwenye 357, kwa hiyo kuanzia hatua ya 7 unazunguka kila hatua nne. Hatua ya 31 ni 7 + 24, kwa hiyo lazima iwe 357. Gawanya 10,324,303 kwa 641: 641 × 16,106 = 10,323,946, baki 357. Zimepatana.

---

Baki_Moja:

Nimeelewa, asante sana wakuu. Nimerekebisha kwa biti 128 na nimepata 10,324,303 kamili. Sasa 6,700,417: nayo niipime kwa namba tasa zote hadi 2,588?

---

Pembe_na_Duara:

Hapana, sheria ileile inaifunga. Kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha N pia, kwa hiyo lazima kiwe cha umbo 128k + 1. Na 257 tumeshaitoa.

Kipeuo cha pili cha 6,700,417 kiko kati ya 2,588 na 2,589. Namba za umbo 128k + 1 kuanzia 641 hadi hapo ni kumi na sita. Nyingi zinajiondoa: 897, 1,281, 2,049 na 2,433 zinagawanyika kwa 3, 1,025, 1,665 na 2,305 kwa 5, 2,177 kwa 7, 1,793 kwa 11, 2,561 kwa 13, 1,921 kwa 17, 1,537 kwa 29. Zinabaki nne:

6,700,417 = 641 × 10,453 + 44
6,700,417 = 769 × 8,713 + 120
6,700,417 = 1,153 × 5,811 + 334
6,700,417 = 1,409 × 4,755 + 622

Usiiruke 641 kwa kuwa imeshatumika. Kigawo kinaweza kujirudia, na hilo lingebadilisha hesabu zako zote zinazofuata. Hapa hakijirudii. Hakuna kinachoingia, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa na mgawanyo umekamilika. Yenyewe ni 128 × 52,347 + 1, kama sheria inavyotaka.

---

Miraba_Miwili:

Basi niendelee na yale mengine uliyoomba.

Ukishakuwa na N = p × q, tasa mbili tofauti, vigawo ni vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na 4,294,967,297. Jumla yake ni (641 + 1)(6,700,417 + 1) = 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Idadi ya namba kutoka 1 hadi N zisizo na kigawo cha pamoja nayo ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Kukagua: jumla ya hizo mbili lazima iwe 2N + 2. Jumlisha uone: 8,589,934,596. Sawasawa.

Kama tofauti ya miraba miwili kuna njia mbili, moja kwa kila jozi ya vigawo: 3,350,529² − 3,349,888², na ile isiyohitaji akili nyingi, 2,147,483,649² − 2,147,483,648².

Jumla ya miraba ndiyo tamu. Njia ya kwanza iko wazi: 65,536² + 1². Kwa kuwa p na q zote mbili zinabakiza 1 zikigawanywa kwa 4, kila moja ni jumla ya miraba miwili kwa njia moja tu, na zao lao lina njia mbili kamili. Vipande ni hivi:

641 = 25² + 4²
6,700,417 = 2,556² + 409²

Unganisha kwa kanuni ya kuzidisha miraba. Zidisha kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo: 25 × 2,556 = 63,900 na 4 × 409 = 1,636. Kisha kubwa kwa ndogo, kwa kukatiza: 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224. Sasa chagua alama. Ukijumlisha jozi ya kwanza unatoa ya pili. Ukitoa ya kwanza unajumlisha ya pili:

63,900 + 1,636 = 65,536, na 10,225 − 10,224 = 1
63,900 − 1,636 = 62,264, na 10,225 + 10,224 = 20,449

Kwa hiyo N = 65,536² + 1² = 62,264² + 20,449². Angalia pale 10,225 na 10,224 zilivyopishana kwa 1 tu: ile 1 ya 2^32 + 1 imetoka hapo. Wanaokosea hujumlisha jozi zote mbili kwa pamoja, na wanapata namba inayozidi N. Kagua kila mara: 62,264² ni 3,876,805,696 na 20,449² ni 418,161,601.

Njia hii inafanya kazi kinyumenyume pia. Tuseme huna 641 lakini umepata hizo njia mbili za miraba. Pambanisha shufwa na shufwa, witiri na witiri:

65,536 − 62,264 = 3,272
65,536 + 62,264 = 127,800
20,449 − 1 = 20,448
20,449 + 1 = 20,450

Kigawo kikubwa cha shirika cha 3,272 na 20,448 ni 8. Cha 127,800 na 20,450 ni 50. Chukua nusu ya kila kimoja, 4 na 25, pandisha mraba, jumlisha: 16 + 625 = 641. Namba yoyote witiri yenye njia mbili tofauti za miraba si tasa, na njia zenyewe zinakukabidhi kigawo.

Ziangalie na jirani zake. N − 1 haina kitu ila 2, mara thelathini na mbili. N − 2 ni 4,294,967,295, na hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zile tasa tano za Fermat zote kwa pamoja. Ndiyo sababu hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kugawanya N: ingegawanya pia tofauti yao, ambayo ni 2, nazo zote ni witiri. N + 1 ni 2 × 3 × 715,827,883.

Na kwa rula na bikari, umbo la pande 4,294,967,295, zenye urefu na pembe sawa zote, linachoreka kinadharia, kwa sababu vigawo vyake ni tasa za Fermat tofauti tofauti. Ndilo umbo kubwa zaidi la pande witiri linalojulikana kuchoreka. Ongeza pande mbili tu, ufike N, na haiwezekani tena, kwa kuwa 641 si tasa ya Fermat. Gauss ndiye aliyefungua njia hiyo, na Wantzel akathibitisha mwaka 1837 kwamba maumbo mengine hayawezekani.

---

Njia_Fupi:

Nakubali kuhusu msingi wa 2. Je, hila ya umbo la kigawo inasaidia kwa namba inayofuata, 2^64 + 1?

---

Pembe_na_Duara:

Inasaidia. Pale umbo ni 256k + 1, na kigawo kidogo ni 274,177, yaani k = 1,071. Landry alikipata mwaka 1880. Kingine ni 67,280,421,310,721. Kwa mkono ni kazi ndefu, kwa mashine ni kufumba na kufumbua. Ila N yenyewe pale ina tarakimu 20 na haiingii kwenye biti 64, kwa hiyo usiiandike popote: fanya kazi na baki la 2^32 kwa moduli ya kigawo unachokijaribu, lipandishe mraba, ongeza 1.

---

Baki_Moja:

Moja la mwisho. Nimeweka vigawo vinne kwenye programu ijumlishe, imenipa 6,701,060 badala ya 4,301,668,356. Na ile 4,288,266,240 inaonyeshwa kama −6,701,056. Vigawo vyenyewe nimevikagua, ni sahihi.

---

Kokotoa_Polepole:

Vigawo ni sahihi, ila kigeu ulichotunzia majibu kimebaki kuwa biti 32.

Kwenye jumla, N ya mwisho imezunguka ikawa 1: 1 + 641 + 6,700,417 + 1 = 6,701,060. Ongeza 4,294,967,296 kwenye jibu hilo utapata 4,301,668,356.

Ya pili ni tofauti kidogo. 4,288,266,240 inaingia kwenye biti 32 zisizo na alama, ila wewe unaionyesha kama namba yenye alama, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Kila kinachozidi hapo kinasomwa baada ya kutolewa 4,294,967,296, ndiyo maana unaona −6,701,056. Badili aina ya kigeu cha jumla *na* maelekezo ya kuchapisha, vyote viwili viwe biti 64. Ukibadili kigeu tu na kuacha maelekezo ya kuchapisha ya zamani, ile hasi inaweza kubaki palepale.